Kutoka “invent” hadi “fabricate”: Kiingereza cha kubuni na cha kula njama

Ukipita upande wa jua kali katika soko la Kibuye, Kisumu, utakuta vibao vilivyoandikwa “Metal Fabricators”. Hao ni mafundi wa mageti, madirisha na vitanda vya chuma, na neno hilo kwao ni sifa: tunajua kukata chuma na kukiunganisha kikawa kitu. Mahakamani, si mbali na hapo, wakili akisimama na kusema “this evidence was fabricated”, anamweleza hakimu kwamba ushahidi ni wa kuzua na kwamba kuna mtu amesema uongo mbele ya sheria. Neno ni lile lile. Fundi limempa riziki, shahidi limemuumbua.

Hapa ndipo wanafunzi, makarani na waandishi wa habari wengi hukwama. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili zikifika kwenye “invent”, “devise”, “contrive”, “concoct” na “make up”, mara nyingi hurudia neno moja, buni, na pengine huongeza tunga au zua. Nafasi ya kamusi ni finyu, haiwezi kueleza yote. Lakini anayeandika insha au barua ya kuomba kazi hubaki akidhani maneno hayo ni mapacha, kisha huchagua lile gumu zaidi akiamini ndilo la heshima. “I fabricated the sales reports every month” ni sentensi ya mtu anayekiri kosa, ingawa aliyeiandika alitaka tu kusema kwamba alikuwa akiandaa ripoti za mauzo. Alihitaji “prepared”, au “compiled” kama alikuwa akizikusanya takwimu kutoka sehemu mbalimbali.

Kiingereza huuliza maswali mawili makubwa kabla hakijakupa kitenzi. Kitu hicho kilikuwapo, au hakikuwapo? Na anayesema anamwonaje mtu aliyekifanya? Swali la pili ndilo zito. Yako mengine madogo, kama vile alikuwa peke yake au na wenzake, alifanya wazi au kwa siri, alishughulika na chuma au na maneno, lakini ukikosea hilo la pili umeshamsifu mwizi au umemtukana fundi.

Kilichokuwapo na kilichoundwa

Kiswahili hutumia uvumbuzi kwa mambo mawili. Mtu huvumbua mgodi, na mtu huvumbua mashine. Kiingereza kimeyatenganisha: mgodi ni “discover”, mashine ni “invent”. Sentensi “he discovered a new water pump” inamaanisha pampu ilikuwa imelala mahali, naye akaikuta.

“Discover” ni kufunua, kuondoa kifuniko. Halisemi kwamba hakuna mwingine aliyekijua kitu hicho. Linasema tu kwamba anayetajwa hakukijua. Tarehe 3 Agosti 1858 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika kwenye ziwa letu, Viktoria, kutokea upande wa Mwanza, na kwa miaka mingi vitabu vya Kiingereza viliandika kwamba yeye ndiye aliyeli“discover”. Waluo waliokuwa wakivua humo walikuwa na jina lao, Nam Lolwe. Sentensi ile ilieleza hali ya elimu ya Speke, haikueleza hali ya ziwa. Ndiyo sababu waandishi makini siku hizi huandika “reached”, alifika, na hilo ni sahihi zaidi.

“Invent” nalo kwa asili halikuwa kubuni. Linatokana na Kilatini invenire, kukifikia kitu, kukikuta. Katika kalenda ya zamani ya Kanisa la Uingereza tarehe 3 Mei iliitwa “Invention of the Cross”, na maana yake ilikuwa kupatikana kwa msalaba, si kuubuni. Mabaki ya maana hiyo bado yako dukani: “inventory” ni orodha ya bidhaa zilizokutwa kwenye rafu na stoo. Karani anayeambiwa afanye “inventory” anatakiwa ahesabu vilivyopo, asibuni hata kimoja.

Tofauti hii ina uzito wa kisheria. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 haikubali ugunduzi, nadharia ya kisayansi wala njia ya hisabati kuwa “invention”. Ili kupata hataza, yaani “patent”, ambayo hudumu miaka 20, jambo lazima liwe jipya, lionyeshe hatua ya ubunifu na liweze kutumika katika uzalishaji. Mkulima wa Njoro akibaini kwamba jani fulani hufukuza dumuzi kwenye mahindi, alichonacho mpaka hapo ni “discovery”. Akienda mbele akatengeneza dawa yenye vipimo vyake na njia yake ya kuichanganya, hapo ndipo panapoweza kuzungumzwa “invention”. Anayeandika maelezo ya ombi lake kwa kusema “I have discovered a product” amejiwekea kizingiti kwa mkono wake mwenyewe.

Kuna la kuzingatia zaidi kuhusu “invent”, nalo huwakamata hata wanaokijua Kiingereza vizuri. Hukumu yake hubebwa na kinachofuata. Ukitaja kifaa, umesifu: “she invented a seed planter”. Ukitaja habari, sababu au karatasi, umeshutumu: “he invented an excuse”, “they invented a receipt”. Kwa hiyo “I invented a timetable for the school” inaweza kusomeka kama kwamba ratiba hiyo haipo popote ila kichwani mwako.

Tazama jiko la makaa lenye kikombe cha udongo ndani, lile lililobana kiunoni. Lilianza kusambaa nchini miaka ya mwanzo ya 1980, na wazo lake lilichukuliwa kutoka kwa jiko la ndoo la Thailand. Kwa hiyo si sawa kuandika kwamba Kenya ili“invent” jiko hilo. Wazo la nje lilirekebishwa lifae sufuria zetu, na hiyo ni “adapt”. Umbo la kubana kiunoni lilichorwa na kupimwa, na hiyo ni “design”. Kuleta njia mpya ya kulitengeneza na kuliuza ni “innovate”, kutoka Kilatini novus, kipya. Fundi anayekata bati la pipa kuukuu, akalikunja kwa nyundo, akalipiga ribiti na kuweka mlango wa jivu, huyo ana“fabricate”. Na akikosa kifaa cha kupimia, akachora umbo juu ya kipande cha bati la kopo na kulitumia kama kielelezo kila siku, ame“improvise”. Jiko moja, vitenzi vitano, na hakuna hata kimoja kinachoweza kukaa mahali pa kingine.

“Devise”: kugawanya kabla ya kuunganisha

Neno hili lilipitia Kifaransa likitokana na Kilatini dividere, kugawanya. Ukishika hilo, matumizi yake hunyooka. Kinachofaa “devise” ni kitu chenye vipande vinavyopangwa vikafanya kazi pamoja: mfumo, mbinu, mtihani, ratiba, mkakati. “The teacher devised a simple test” inamwonyesha mwalimu aliyekaa akafikiri sehemu moja baada ya nyingine. Ni neno la heshima na halina shaka ndani yake. Kwenye barua ya kazi, hili ndilo linalofaa pale wengi wanapoandika “invented” au, vibaya zaidi, “schemed”.

Ile maana ya kugawanya bado inaishi katika Kiingereza cha sheria. Katika wasia wa mtindo wa zamani, “devise” ni kumwachia mtu ardhi, na “bequeath” ni kumwachia mali inayohamishika kama ng'ombe, fedha au baiskeli. Sentensi “I devise my land at Kibos to my daughter” haina ubunifu wowote. Binti anarithishwa shamba. Familia zimewahi kupoteza muda kwa maneno mepesi kuliko hilo, kwa hiyo ukikutana nalo kwenye hati usilisome kwa kichwa cha insha.

Kosa la kila siku ni kuchanganya “devise” na “device”. La kwanza ni kitenzi, na mwisho wake hutamkwa kwa z. La pili ni nomino, kifaa, na mwisho wake ni s. Dholuo, lugha ya Waluo, haina sauti ya z, kwa hiyo aliyekua akiizungumza anaweza kuyasikia maneno haya mawili kama neno moja, kisha mkono ukaandika lolote. Wasiozungumza Dholuo pia hukosea, kwa sababu darasani maneno haya huonekana kwenye maandishi zaidi kuliko yanavyosikika. Njia ya kukumbuka ni barafu: ndani ya “device” na “advice” mna “ice”, na barafu ni kitu, ni nomino. Ukiona “ice”, ni nomino. Ukiona “ise”, ni kitenzi. Kanuni hii ya c kwa nomino na s kwa kitenzi hufanya kazi pia kwa “licence” na “license”, “practice” na “practise”, kwa tahajia ya Kiingereza cha Uingereza tunayoifuata shuleni, ingawa hizo hutamkwa sawa.

“Scheme”: nomino mwaminifu, kitenzi mwovu

Hakuna neno katika kundi hili linalotusumbua sisi wa magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa kama hili, kwa sababu tumelizoea likiwa na sura njema. Mpunga wa Ahero hulimwa katika “irrigation scheme”. Lugari kuna watu waliopata mashamba katika “settlement scheme” za miaka ya 1960, na mpaka leo wazee hutaja skimu kama jina la mahali. Mfanyakazi hukatwa mshahara kwa ajili ya “pension scheme”. Mwalimu naye hawezi kuanza muhula bila “scheme of work”, ile karatasi yenye safu za wiki, kipindi, mada, malengo, shughuli, vifaa na maoni. Katika yote hayo neno ni safi. Asili yake ni Kigiriki, skhema, yaani umbo au mchoro, na skimu ni mpango uliochorwa ukaonekana.

Sasa ligeuze kuwa kitenzi. “He is scheming” ni lawama tupu, na hakuna muktadha wa kawaida unaoliokoa. Mwalimu anayeandika “I was scheming the whole weekend” akimaanisha alikuwa akiandaa karatasi za wiki kumi, ataeleweka na walimu wenzake wa Kenya, kwa kuwa ni lugha ya ofisi ya walimu. Msomaji wa nje ataelewa kwamba wikendi nzima alikuwa akimtegea mtu mtego. Salama ni “I was preparing my schemes of work”.

Hata nomino ina mpaka wake. Nchini Marekani “scheme” hunuka ulaghai mara nyingi zaidi kuliko hapa. Mwaka 1920 mjini Boston, Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akawa anawalipa wa kwanza kwa fedha za waliofuata, na jina lake likashikamana na neno hili hadi leo. Kwa hiyo chama cha akina mama cha Nakuru kinachoandikia wafadhili wa Marekani kisiandike “our scheme for widows”. Kiandike “program” au “project”. Kikiandikia London, “scheme” haitamshtua mtu.

Ajabu ni kwamba vijana wetu wamefika pale pale bila kupitia kwa Wagiriki. Kijana wa Kondele akisema “hiyo ni mchoro”, anamaanisha kuna mpango wa hila nyuma ya jambo. Mchoro wa fundi ni halali, mchoro wa mtaani ni mtego. Anayeijua tofauti hiyo kwa Kiswahili cha mtaa tayari anaijua tofauti ya “a scheme” na “to scheme”. Hajaambiwa tu kwamba anaijua.

Siri, wenzake, na macho yaliyofumbwa

“Plot” kwetu ni ploti, kipande cha ardhi au nyumba za kupanga. Katika hadithi ni mtiririko wa matukio. Likisimama kama njama, huwa na siri na madhara. Waliotaka kulipua Bunge la Uingereza tarehe 5 Novemba 1605 kwa mapipa 36 ya baruti wanakumbukwa kwa “Gunpowder Plot”. Kuiita “scheme” kungelifanya jambo hilo kuwa dogo. “Scheme” huweza kuwa wazi, kama mchezo wa Ponzi uliotangazwa mchana kweupe. “Plot” hufa mara tu ikijulikana.

Mtu mmoja anaweza ku“plot” peke yake chumbani. Ku“conspire” hawezi. Neno hilo linatokana na Kilatini, kupumua pamoja, na linahitaji watu wawili au zaidi. Sheria nayo inataka hivyo: kosa la “conspiracy” kwa ajili ya kutenda uhalifu mkubwa, lililo katika kifungu cha 393 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, haliwezi kumkalia mtu aliyepanga na nafsi yake. Kisarufi, “conspire” halichukui yambwa. “They conspired a robbery” ni kosa. Ni “they conspired to rob the shop”, au “conspired against the chairman”. Kiswahili hukaa vivyo hivyo, kwa kuwa kula njama tayari kumebeba njama ndani yake: walikula njama ya kuiba, walikula njama dhidi ya mwenyekiti.

“Connive” ndilo linalonipendeza zaidi kwa jinsi linavyofanana na letu. Kilatini chake ni kufumba macho. Mlinzi anayeona mizigo ikitoka ghalani usiku akageuka upande wa pili ame“connive at” wizi huo. Kwa Kiswahili, ameufumbia macho. Baadaye likapanuka likawa pia kushirikiana kwa siri, “connive with”. Vihusishi hivyo viwili vidogo, “at” na “with”, hubadilisha kosa la mtu, na anayeandika taarifa ya polisi au kumbukumbu za kamati ya nidhamu hana budi kujua ni kipi anachomaanisha: mlinzi alinyamaza, au mlinzi alisaidia?

Jikoni

Kila anayesema Kiswahili anajua majungu hayapikwi kwa ajili ya kuliwa. Kiingereza nacho kina jiko lake. “Concoct” ni kupika pamoja, kuchanganya vitu ambavyo huenda havikupaswa kukaa chungu kimoja. Magazeti hulitumia kwa pombe haramu, “a deadly concoction”, na kwa hadithi ya uongo yenye viungo vingi. Tofauti yake na “invent” ni mchanganyiko. Mshtakiwa anayesema tu “nilikuwa kwa shangazi” pasipo ukweli ame“invent” kisingizio. Akiongeza tiketi ya matatu, jirani wa kumshuhudia na mvua iliyomzuia kurudi, hapo ame“concoct”.

“Cook the books” ni kupika hesabu, na Kiswahili cha ofisini kinalisema hivyo hivyo. “Cook up” ni kuzua haraka. “Hatch” limetoka kwa kuku: yai hulaliwa siku 21 kabla ya kuanguliwa, na anayesemwa “hatched a plan” amelilalia wazo kimya kimya hadi likatoka. Mara nyingi ni baya, ingawa watoto huweza ku“hatch” mpango wa kumshangaza mama yao siku ya kuzaliwa na neno likabaki na furaha. “Brew” hufuata kanuni nyingine: shida ndiyo inayo“brew” yenyewe, “trouble is brewing”, na usiulize nani anaipika.

Karakana

Turudi Kibuye. “Fabricate” linatokana na faber, fundi wa vitu vigumu, na “forge” lilianzia kwenye karakana hiyo hiyo ya Kilatini, fabrica, na kupitia Kifaransa. Mhunzi anayepasha jembe moto na kuligonga ana“forge”. Anayeiga sahihi ya mwalimu mkuu kwenye barua ya ruhusa naye ana“forge”, na kwake Kiswahili kina kitenzi chake maalumu, kughushi.

Kuchagua baina ya maneno ya uongo wa karatasi kunahitaji utulivu. Sahihi, cheti, noti na hatimiliki huwa “forged”. Ushahidi, takwimu na habari huwa “fabricated”. Mashtaka ya kusingizia huwa “trumped-up”. Mtu asiye na hatia aliyewekewa bangi mfukoni amekuwa “framed”. Sasa chukua risiti halali ya shilingi 1,500 ambayo mtu ameongeza sifuri moja ikasomeka 15,000. Katika mazungumzo hiyo ni “doctored”, kwa sababu karatasi ni ya kweli ila imetibiwa pasipo ugonjwa. Lakini mbele ya sheria yetu haina hadhi ndogo. Kifungu cha 345 cha Kanuni ya Adhabu huita “forgery” kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya, na kubadilisha hati halali bila idhini kunahesabiwa ndani yake. Mwandishi wa habari anayeandika “doctored” pale ambapo hati ya mashtaka imesema “forged” amepunguza kosa kwa kalamu yake.

Angalia pia kwamba “forge” lina upande mwema ambao “fabricate” halina kwenye mambo ya watu. “They forged a friendship” ni urafiki uliopitia moto ukawa imara. “They fabricated a friendship” ni urafiki wa kuigiza.

Jamaa wa “engine” wanastahili kutajwa pamoja. Kilatini ingenium ni akili ya kuzaliwa nayo, na ndiko zilikotoka injini, “engineer” na “ingenious”, yaani mwenye akili ya kubuni. Hata “gin”, mashine ya kuchambua pamba aliyopewa hataza Eli Whitney mwaka 1794 huko Marekani, ni “engine” iliyokatwa mkia, na ndiyo iliyoacha jina lake katika jineri ya Malakisi. Mhandisi ni mtu wa kuheshimiwa. Lakini “he engineered the chairman's downfall” ni kuvuta nyaya gizani. Na chunga herufi moja: “ingenuous”, yenye u, ni mtu mnyofu asiye na hila, karibu kinyume cha unachotaka kusema. “Machine” na “machination” hukaa namna hiyo pia: mashine haina dhambi, ila “machinations” daima ni hila, na karibu kila mara huandikwa kwa wingi.

“Contrive” ni gumu kwa sababu limegawanyika kutegemea sura. Kama kitenzi na “to”, ni kufaulu kwa werevu licha ya vikwazo: “she contrived to feed six children”. Kama kivumishi, “contrived” ni dosari, kitu kilicholazimishwa hadi kikakosa uhalisia. Mwalimu akiandika “contrived ending” pembeni mwa insha, hakusifu.

Maneno madogo ya kila siku

Anayeona mashaka atumie “come up with”. Halina hukumu, linakubali wazo, mpango, jibu na kifaa, na linafaa katika mazungumzo na barua nyingi. Kosa lililoenea Kenya ni kulizalia ndugu asiyekuwapo, “cope up with”. Hakuna “up” hapo. Ni “cope with”, kustahimili au kukabiliana.

“Make up” lina maana nyingi kuliko siku za wiki: kuzua habari, kupatana baada ya ugomvi, kufidia, kujipodoa. Likiwa na hadithi mbele, “he made it up” ni alisema uongo, ila mama anayemtungia mtoto hadithi ya kulalia naye anaweza kusemwa “she made up a story”, bila lawama yoyote. Hapa Kiswahili kinapita Kiingereza kwa upana, maana kutunga kwetu ni kuunganisha kwa uzi. Hutungwa shanga, hutungwa shairi, hutungwa mimba, na pale ufukweni Dunga, Kisumu, hutungwa samaki wa ngege kwenye kamba moja. Kiingereza kinahitaji “string”, “compose” na “conceive” kuyasema hayo, na “conceive” ndilo pekee linalounganisha mimba na wazo: “conceive a child”, “conceive a plan”.

“Improvise” lina thamani kubwa shuleni. Ni kutumia kilichopo kwa sababu kinachohitajika hakipo, kutoka Kilatini improvisus, kisichoonwa kabla. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, kata theluthi ya juu, ondoa kifuniko, ipindue: ume“improvise” faneli ya maabara. Wengine huandika “improvise the results” wakitaka “improve”. Kuboresha matokeo ni jambo jema. Kuyabuni papo hapo ni kuyapika.

Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, 101/1, lipo zoezi la kujaza nafasi kumi kwa alama kumi, na maneno haya ni ya kutegemewa humo. Chukua nafasi kama hii: “The traders ______ a plan to move the matatu stage.” Kisarufi, vitenzi vingi vinaingia. “Drew up” huwapa karatasi mkononi na orodha. “Devised” huwapa akili ya kupanga. “Came up with” huwapa wazo tu. “Hatched” huwakalisha kimya nyuma ya kibanda. “Concocted” huufanya mpango wenyewe kuwa wa mashaka. “Conspired” haliingii kabisa, kwa sababu haliwezi kuibeba “a plan”. Usichague kabla ya kusoma sentensi inayofuata. Ikianza na “The county officers praised them”, andika “devised”. Ikianza na “Nobody knew until the buses were gone”, andika “hatched”.